Shangazi, mtangazaji anataka 10,000 ili wimbo wetu uchezwe mchana

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi. Mchana naendesha bodaboda, jioni naimba. Tuko watano: mimi, binamu zangu wawili wanaopiga ngoma, dada mmoja wa kayamba, na jirani yetu mwenye gitaa. Tunapiga mwanzele. Si mwanzele wa hangani, yaani wa matanga, vile ulivyo, tumeuongezea gitaa na besi, lakini Mgiriama akiusikia hahitaji kuambiwa ni nini. Kiitikio cha wimbo wetu mkubwa tumekirithi kwa hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa akikiimba wakati wa kupalilia. Beti nimetunga mwenyewe, nusu Kigiriama nusu Kiswahili.

Mwaka jana tulichanga, tukaingia studio hapa mjini, tukalipa kidogo kidogo hadi deni likaisha. Kwenye harusi tunaombwa kuurudia wimbo huo mara mbili, mara tatu. Nikaona sasa tuupeleke redioni. Nimewatumia watangazaji wa stesheni tatu kwa WhatsApp. Wawili hawakujibu mpaka leo. Wa tatu akajibu kwamba wimbo ni mzuri, ila "kuna utaratibu." Utaratibu wenyewe ulikuwa shilingi 3,000. Nikamtumia kwa M-Pesa, pesa niliyoweka ya tairi la nyuma.

Akaniambia utachezwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nikamwambia mama. Mama ana redio ndogo iliyopoteza kifuniko cha betri, ameizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Alikaa nayo kitandani tangu saa nane. Wimbo ulikuja saa kumi na robo. Ngoma zilipoanza mtangazaji alikuwa bado anaongea juu yake, anawasalimia madereva wa malori. Sauti yangu ilipoingia, haukupita ubeti mmoja, akaukata akaweka tangazo. Asubuhi mama akaniuliza, "Ndio huo tu?" Sikuwa na la kumjibu.

Sasa mtangazaji huyo anasema nikimpa 10,000 wimbo utachezwa mchana kwa wiki mbili. Na amenishauri niachane na Kigiriama, nirekodi mwingine kama wa vijana wa Bongo, kwa sababu eti ndio unaouza. Shangazi, nikiwa mjini kila tuktuk inayonipita inapiga nyimbo za Tanzania au za Nigeria. Sina chuki na wanamuziki hao, wengine nawapenda. Ila najiuliza, sisi tumewakosea nini watu wa redio? Baba mdogo anasema niuze spika ninunue mbuzi. Binamu zangu wanasema tukope hiyo 10,000. Nilipe, nibadili muziki, au niache?

Mwana wa Kakuyuni, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Usilipe. Naanza na hilo kwa sababu najua binamu zako wanasubiri, na mkopo wa simu hauchukui dakika mbili kuingia.

Huyo ndugu anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Katika stesheni nyingi za biashara, nyimbo za mchana hazichaguliwi na yule unayemsikia akiongea. Yuko mkuu wa muziki, au mkuu wa vipindi, ambaye ndiye mwenye orodha: wimbo upi uingie, urudiwe mara ngapi kwa siku, utolewe lini. Orodha hiyo hupangwa kwenye kompyuta, na mtangazaji wa asubuhi akifika anakuta nyimbo zimeshajipanga saa baada ya saa. Usiku wa manane ndipo kamba hulegezwa. Alikupa saa kumi na robo kwa sababu huenda ndiyo saa pekee iliyokuwa mkononi mwake. Mchana anaokutajia sasa una mwenyewe, na mwenyewe hujaonana naye.

Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haiwahusu maofisa wa serikali peke yao. Inamgusa mfanyakazi wa kampuni binafsi anayepokea, na inamgusa anayempa. Ujumbe wa M-Pesa una jina lako na lake. Hizo 3,000 zimekwenda, zihesabu zimekwenda, wala usiongeze nyingine juu yake.

Sasa tuje kwenye swali la mama yako, maana limenikaa moyoni tangu nilipolisoma. Wimbo ulioniletea nimeusikiliza mara nne. Una dakika sita na sekunde 40. Ngoma zinaanza peke yake, kayamba inafuata, gitaa linaingia taratibu, na sauti yako inakuja baada ya sekunde 70. Uwanjani, watu wakiwa wamesimama duara na wanawake wameshaanza kutikisa mabega, sekunde 70 ni chache. Redioni ni nyingi mno. Mtangazaji yeyote, hata mwaminifu, hutumia utangulizi wa wimbo kusema maneno yake, na tangazo likifika saa yake hukata chochote kilichopo. Kwa hiyo mama alisikia ngoma zikiwa chini ya salamu za malori, kisha akasikia ubeti usiofika mwisho. Mtangazaji amekosa adabu, ndiyo. Lakini pia wimbo wenyewe haukukatwa kwa kipimo cha redio.

Rudi kwa prodyusa wako, umwombe akutolee toleo la pili kutoka kwenye miksi ileile. Si kurekodi upya, ni kazi ya saa chache. Sauti yako iingie ndani ya sekunde 15, kiitikio cha hawe kisikike kabla ya dakika ya kwanza kuisha, na wote usipite dakika tatu na nusu. Ule mrefu uwekeni wa harusini. Usione kama nakuambia uukate mkono wimbo. Naupenda mrefu kuliko utakavyoupenda huu mfupi, lakini mfupi ndio utakaomfikia mtu aliye jikoni Ganda au Marafa akasikia mpaka mwisho.

Kabla hujamlipa prodyusa, mwambie aupige huo mfupi kwenye spika moja tu, spika ya simu au ya redio kama ya mama. Studio ina spika mbili nzuri, na gitaa lenu limetandazwa kushoto na kulia mpaka linapendeza. Sauti hizo zikijumlishwa kwenye spika moja, gitaa la namna hiyo linaweza kufifia likabaki kama liko nyumba ya pili. Nimelisikia likifanya hivyo kwenye simu yangu. Redio ya mama yako ndiyo iwe kipimo. Ukisikika vizuri pale, utasikika popote.

Na kayamba. Kayamba ni matete yenye mbegu ndani, na uhai wake wote uko kwenye sauti za juu, mahali ambapo faili iliyobanwa huumia kwanza. FM nayo hukata sauti za juu kabisa. Wimbo ulionitumia umebanwa sana, kwa hiyo kayamba ya dada yenu inasikika kama mafuta yanayokaangwa. Omba faili ya WAV, ile isiyobanwa, na ya MP3 ya kilobiti 320, uzihifadhi mahali pasipopotea. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka, si kama ujumbe wa sauti. Kisha angalia jina la faili. Yako imenifikia ikiitwa AUD, ikifuatwa na tarehe na WA0007. Hebu fikiria mtu mwenye faili mia tatu zinazoanza na AUD kwenye simu yake, halafu siku moja aukumbuke wimbo wako na autake. Ataupataje? Andika jina la kundi, jina la wimbo, lugha, muda, na namba ya simu. Ziingize pia ndani ya faili, prodyusa anajua. Kama anaweza kukupatia namba ya ISRC, zile herufi na tarakimu 12 zinazoitambulisha rekodi moja tu duniani, nayo iwemo.

Hayo ni ya mkononi. Sasa lile kubwa.

Umeniuliza mmewakosea nini watu wa redio. Nadhani umekuwa ukimbembeleza mtu asiye mwenyewe. Stesheni inaishi kwa matangazo, na mwenye duka la saruji hapa Malindi analipia tangazo akijua kuna watu wa Kakuyuni, Ganda na Langobaya wanaosikiliza. Siku mkuu wa muziki atakapoona watu wa huko wanauulizia wimbo kwa jina lake, atautafuta mwenyewe. Msikilizaji ndiye wa kumwendea, na wewe, mwanangu, msikilizaji unaye tayari. Anakuomba uurudie mara tatu harusini kisha anaenda nyumbani mikono mitupu, kwa sababu hukumpa wimbo aondoke nao.

Mimi nimekulia kwenye kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu, majirani na mashemeji mpaka pembeni hakuna nafasi, akachagua wimbo, akaipeleka posta, akangoja wiki. Palikuwa na watu waliojulikana Pwani nzima kwa kutuma salamu tu. Mtangazaji alikuwa akisoma majina ya mitaa yetu hewani kwa sababu mitaa yetu ilimwandikia. Kaseti za waimbaji wa taarab, Juma Bhalo na Zein l'Abdin wa Lamu, zilikuwa zikipita mkono kwa mkono, nyumba hadi nyumba, na kadi zikawataja hao hao. Muziki wa bango wa Mzee Ngala haujaisha kwenye harusi za Pwani hadi leo, kwa sababu watu wanauomba. Kadi zimekufa, lakini kuomba wimbo hakujafa. Sasa ni ujumbe wa simu.

Kwa hiyo harusi ijayo, mwambie binamu mmoja asimame na simu mlangoni, awape wimbo wote wanaoutaka. Nunua flashi za bei ndogo, uwape madereva wa tuktuk pale stendi. Kumi kwanza, uwachague wale wenye spika zinazosikika kabla hawajafika. Wewe ni mtu wa bodaboda, hao ni wenzako wa barabarani, hutahitaji kujieleza. Abiria akiuliza "huu wa nani?" dereva awe na jibu. Halafu waambie mashabiki wenu waombe wimbo kwenye vipindi vinavyopokea maombi, kila mtu kwa simu yake, kwa maneno yake, ataje alipo. Usimpe mtu mmoja simu ipige mara 40. Watu wa stesheni wanatambua namba, na ukishajulikana kwa hila hiyo umejifungia mlango.

Baada ya wiki tatu au nne za namna hiyo, nenda mwenyewe stesheni. Piga kwanza, umuulize mkuu wa muziki au wa vipindi ni siku gani anapokea nyimbo mpya. Vaa vizuri, nenda na dada wa kayamba, mchukue na kayamba yenyewe. Anza na zile ndogo: redio za jamii, na zinazotangaza kwa lugha za Kimijikenda, Kigiriama kikiwemo. Redio ya jamii hupewa leseni ihudumie watu wa eneo lake, na mara nyingi ina njaa ya sauti za huko huko. Pwani FM ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, nayo ijaribuni. Usiombe "nichezeeni." Waambie mnaweza kuja kupiga moja kwa moja kipindi cha utamaduni, ngoma mbili na kayamba, bila malipo, na kwamba wasikilizaji wenu wa Kakuyuni watajua siku hiyo. Mtu wa vipindi ana saa nyingi za kujaza kila wiki. Ukimletea saa moja iliyojaa, umemsaidia.

Kuhusu kuacha Kigiriama, sikubali. Nyimbo za Bongo zinapendwa kwa sababu waliozitunga wameimba kama wanavyosema kwao. Ukiwaiga utakuwa wa mia mbili katika foleni yao, na kwako hakuna aliyebaki. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alipotaka watu wake wamsikie, aliwakusanya kwa ngoma ya kifudu, na kila Agosti hapa Malindi anakumbukwa. Nenda kwa wanaoandaa sherehe hizo mapema, si wiki ya mwisho, uombe nafasi ya kupiga. Waandishi huja.

Kuna jambo la haki ambalo usilipuuze ukitaka wimbo ukichezwa uwaletee chochote. Kiitikio ni cha hawe, na huenda hawe alikipokea kwa waliomtangulia. Ukikisajili kama utunzi wako mwenyewe utakuwa umesema uongo, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Beti ni zako, mpangilio ni wenu watano. Viandike hivyo hivyo, na wazee wa nyumbani uwaulize kabla. Hakimiliki yako ilianza siku mlipourekodi, lakini ni vizuri kuusajili wimbo kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ili uwe na ushahidi. Mirabaha ya redio hukusanywa na vyama vyenye leseni ya bodi hiyo, kwa niaba ya watunzi, waigizaji na wanamuziki wanaorekodiwa, na wenye rekodi. Leseni za vyama hivyo zimekuwa na mivutano, kwa hiyo waulize KECOBO chama gani kina leseni mwaka huu kabla ya kumpa mtu yeyote ada ya uanachama. Na mtake prodyusa aandike kwenye karatasi kwamba rekodi ni ya nani. Mlilipa kwa awamu, stakabadhi zipo?

Mwisho, hilo la tuktuk kupiga nyimbo za nje. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinazitaka stesheni zetu zisipungue asilimia 40 ya maudhui ya nyumbani. Wasanii wengi wanazishika kama panga, halafu wanashangaa hazikati. Hazikati kwa sababu zinahesabu vipindi, si nyimbo. Watu wawili wakikaa studio wakibishana kuhusu ndoa asubuhi nzima, hayo ni maudhui ya nyumbani. Na wimbo wa Nairobi ni wa nyumbani sawa na wa Kakuyuni. Ufaransa walitunga sheria mwaka 1994, ikaanza kazi mwaka 1996, wao wakahesabu nyimbo zenyewe: asilimia 40 ziwe za Kifaransa, sehemu yake iwe ya wasanii wapya au kazi mpya, tena katika saa ambazo watu wanasikiliza. Saa kumi na robo ya alfajiri isingewasaidia kitu. Kanuni ya namna hiyo ndiyo ningetaka tuiombe hapa, nasi wa Pwani tudai sehemu ya eneo letu ndani yake. Wewe peke yako hutaipata. Lakini mkiwa makundi kumi ya Malindi, Mambrui na Watamu, mkaandika barua moja kwa kila stesheni inayosikika hapa, mkauliza kwa heshima wanacheza nyimbo ngapi za eneo hili kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku, swali hilo litawasumbua. Nakala ipelekeni kwa Mamlaka.

Baba mdogo mwambie mbuzi asubiri. Spika usiuze.

Ukipewa siku ya kwenda studio kupiga, niandikie unitajie stesheni na saa, nami nitasikiliza. Mama umnunulie betri mpya, umwambie saa kamili, na ukifika kwenye kipaza sauti mtaje kwa jina kabla ngoma hazijaanza.

Shangazi